Kumrudisha Mama Mkwe kwa Kichwa Kisicho na Tela

Tangu nirudi hapa Cyangugu, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo lile lile. Ilikuwaje gari lisilo na mzigo, lisilo hata na tela, litumie siku mbili kutoka Kigali, wakati basi linaondoka asubuhi na kufika siku hiyo hiyo? Jirani yangu mmoja, pale chini karibu na mpaka wa Rusizi ya kwanza, amesema nimezeeka. Mwimbaji mmoja wa kwaya yetu ameeneza kwamba nililala Huye kwa sababu zangu mwenyewe. Ni kweli nililala Huye, na ni kweli sababu nilikuwa nayo. Ilikuwa imekaa kiti cha kulia, imefungwa bandeji jichoni. Basi nimeona niandike yote mara moja. Anayetaka ukweli asome, na asiyetaka aendelee kumsikiliza mwimbaji.

Wengi mnajua naendesha lori. Sehemu ya mbele, yenye injini na kibanda cha dereva, sisi tunaiita kichwa, na tela ndiyo inayofuata nyuma na mzigo. Safari hii tela ilivunjika ekseli tukiwa tunaingia Kigali. Ikabaki gereji, mwenzangu akabaki kuilinda, na patroni, mwenye lori, akaniagiza nirudishe kichwa hapa kwetu Kamembe kwa kuwa kulikuwa na tela nyingine ya kuvuta. Nilifurahi. Kurudi nyumbani bila mzigo wala mtu wa kukuharakisha, nani asingefurahi?

Jioni ile ile Maman Aline, mke wangu, akapiga simu. Mama yake alikuwa Kigali, ametoka kupasuliwa jicho. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, tangu familia yao ikiishi Bukavu kabla hawajarudi kulima Nkungu, na hili la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho kwa miaka. Daktari alikuwa ametoa ule utando, akafunga, akasema lisifunguliwe mpaka mama afike kwa muuguzi wa macho wa hapa Kamembe. Mgonjwa asiiname, asinyanyue kitu, asitapike, na zaidi ya yote asitikiswe. Likiharibika hili hakuna lingine. Na ndani ya basi mama huyu hutapika kuanzia kona ya kwanza, na ninyi mnajua njia ya kuja huku ina kona ngapi.

Kwa hiyo familia ilikuwa imeamua nimlete mimi. Nikamwambia mke wangu kwamba sina tela, ni kichwa tu.

"Si njo vizuri?" akasema. "Iko mwepesi, mutafika mbio."

Hapo ndipo kosa la safari nzima lilipozaliwa, na si la mke wangu peke yake, maana kila asiye dereva hufikiri hivyo. Lori limetengenezwa libebe tani nyingi. Mzigo ukiwepo, springi zinalainika na gari linalala barabarani. Mzigo ukiondoka, springi zinakuwa ngumu kama ubao, na kila jiwe linapanda moja kwa moja mpaka kwenye shingo ya aliyekaa. Breki nazo zimezoea kushika uzito. Ukizikanyaga kichwa kikiwa kitupu, hasa kwenye lami iliyolowa, matairi ya nyuma yanajifunga na makalio ya gari yanataka kupita mbele. Kichwa bila tela kinarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nilitaka kumweleza Maman Aline haya yote, lakini mwanamume hawezi kumwambia mkewe kwamba mama yake asipande gari lake. Nikasema sawa.

Kulikuwa na jambo jingine. Sisi tuliokulia ng'ambo ya Rusizi, upande wa Kongo, tulilelewa na wazee walioshika sana heshima ya ukwe. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hali mbele yake, na jina lake halitamki. Hata hapa sitaliandika. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wakiwa wamekumbatiana na mama wakwe zao, heri yao. Mimi na huyu mama, tangu nioe, tumezungumza kupitia mlango, au kupitia kwa mke wangu, au yeye ameelekea huku na mimi kule. Sasa tungekaa kibanda kimoja, bega kwa bega, kuanzia Kigali mpaka Rusizi.

Nyabugogo hadi Muhanga

Shemeji yangu, ambaye kazi yake iko Kigali na hakuweza kuiacha, alimleta mama asubuhi na mapema. Ngazi za kichwa ziko juu, na mama ni mfupi, tena haoni. Nikageuka nikaanza kutazama mabasi ya pale kituoni Nyabugogo kama mtu aliyepotelewa na ndugu, huku shemeji akimsukuma mama yake ngazi baada ya ngazi. Nilipogeuka tena alikuwa ameshakaa, kitenge mabegani, rozari mkononi, na juu ya jicho kifuniko cha plastiki kilichofungwa kwa bandeji nene.

"Uko pale, Papa Aline?" akauliza, akiongea na kioo cha mbele.

"Niko, Maman."

"Bon. Twende basi."

Niwaambie kuhusu kile kiti. Kiti changu cha dereva kinapanda na kushuka kwa upepo, kinameza mitikisiko. Kiti cha abiria kimefungwa kwa bolti, hakina huruma. Nyuma ya viti kuna kitanda changu, na pale ndipo mgonjwa angelala vizuri. Lakini mama mkwe kulala kwenye kitanda cha mume wa binti yake? Hata kuitamka sentensi hiyo nisingeweza. Kwa hiyo kabla hajafika nilitoa godoro kitandani, nikalikunja mara tatu, nikalifunga kwa kamba juu ya kiti chake na kulifunika kitenge kipya. Alipokaa alilipapasa.

"Kiti yenu iko mulaini," akasema.

Nikamwambia ni ya kisasa. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa safari, na sijauungama bado.

Tuta la kwanza nje ya mji nililipanda polepole kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Haikusaidia kitu. Magurudumu ya mbele yalipita salama, ya nyuma yakaruka, na mama akarushwa na godoro lake. Hakulalamika. Aliweka kiganja mbele ya bandeji bila kuigusa, akasema, "Yesu." Tuta la pili, "Yesu." Kiraka cha lami, "Yesu." Kufika Muhanga nilikuwa nimelisikia jina la Bwana kuliko kwenye mahubiri ya Pasaka.

Nilikwenda mwendo wa aibu. Pikipiki zilinipita, na kwenye mlima mmoja mtu wa baiskeli aliyebeba magunia ya makaa alinikaribia hadi dirishani, akanitazama kwa huruma. Madereva wanaonijua walipokuja mbele yangu waliwasha taa na kunyoosha mikono kuuliza tela iko wapi. Mmoja alipiga simu kunipa pole ya ajali. Nikamjibu hakuna ajali, nimembeba mama mkwe. Akanipa pole tena.

Ruhango

Pale Ruhango nilisimama. Nilimwambia mama naenda kuangalia matairi, kumbe nilikwenda nyuma ya gari kufikiri. Niliitazama ile sahani ya chuma inayoshika tela, imepakwa grisi, haina kitu juu yake. Tatizo lilikuwa pale. Mahali pa tani zote hizo palikuwa na upepo mtupu. Nikiendelea hivi hadi kwenye kona za msitu wa Nyungwe, jicho lile lisingefika.

Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wanajenga nyumba. Nikavuka, nikamwomba fundi mkuu mchanga. Akauliza najenga nini. Nikasema sijengi, nataka uzito. Akauliza naupeleka wapi. Niliposema Rusizi aliwaita wenzake waje wamwone mtu aliyeacha mito ya kwao akaja kutafuta mchanga Ruhango. Wakacheka vizuri. Nikangoja wamalize, kisha nikawaeleza habari ya jicho.

Fundi akaacha kucheka, akauliza kama mgonjwa ni mama yangu au mama mkwe. Nikasema mama mkwe. Alijipangusa mikono, akatazama kule kwenye kibanda, akashusha sauti utadhani angesikiwa kutoka ng'ambo ile, akasema na yeye anaye. Koleo akalichukua mwenyewe.

Walijaza magunia, wakalaza mbao juu ya chasisi, wakayapanga magunia na kuyafunga kwa kamba. Walibishana sana. Mmoja alitaka uzito ukae nyuma kabisa, mwingine akasema karibu na kibanda, na jicho la mama mkwe wangu likajadiliwa kama daraja la wilaya. Mwishowe walifuata maneno yangu, juu ya ekseli zote mbili sawasawa. Mama aliposikia vishindo akafungua kioo.

"Munapakiza nini?"

"Muchanga, Maman."

"Muchanga ya nani?"

"Yako, Maman."

Akafikiri. "Bon," akasema, akafunga kioo.

Tulipoondoka nilisikia tofauti kabla ya kuingiza gia ya tatu. Haikuwa kama kuvuta tela, lakini kule kuruka kuligeuka kuwa kuyumba tu, na kuyumba mtu anavumilia. Yesu aliitwa mara chache hadi Nyanza. Nilijisikia mtu wa maana sana, hata nikapiga mluzi, kisha nikakumbuka nimekaa na nani, nikaacha.

Nyanza

Kupita Nyanza bila kunywa maziwa ni dharau, na njaa ilikuwa imetushika. Nilinunua ikivuguto, yale maziwa ya mgando wanayoyajua kuliko sisi sote, pamoja na chapati. Lakini tungekula vipi? Nikaweka fungu la mama katikati ya viti, nikamwelekeza kwa mdomo kikombe kilipo, nikashuka na fungu langu. Nikaenda kukaa juu ya magunia ya mchanga, mgongo kwa kibanda. Tulikubaliana akimaliza agonge kioo.

Mama aliyeniuzia maziwa hakupenda alichokiona. Alikuja akanigombeza kwa Kinyarwanda safi, mbele ya wateja, kwamba nimemfungia mama yangu kipofu ndani ya gari na mimi nakula jua. Nikamweleza ni mama mkwe. Akasema wa kwake, yaani mume wa binti yake, anaingia hadi jikoni na kufunua sufuria. Wateja wakagawanyika. Wazee walikuwa upande wangu, vijana upande wa sufuria. Nilimaliza maziwa yangu katikati ya mkutano, na mama aligonga kioo muda mrefu kabla sijasikia.

Huye

Tulifika Huye mchana, na mbele, upande wa msitu, mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Hapa ndipo mwimbaji wa kwaya afungue masikio. Kichwa kitupu na mvua ni maadui. Ningekuwa peke yangu ningejaribu. Kwa jicho lile sikujaribu. Nilimpeleka mama kwenye nyumba ya wageni ya masista, wakampa chumba na supu, na mimi nikalala ndani ya gari.

Nililala juu ya mbao tupu za kitanda. Godoro lilikuwa pale pale mbele yangu, limefungwa kwenye kiti, lakini mama mkwe akishalikalia si langu tena hadi afike kwake. Nililitazama tu. Maman Aline alipiga simu kuuliza kwa nini hatujafika, nikamwambia mvua. Akasema Kamembe hakuna mvua. Nikamwambia mvua iko msituni, atusubiri.

Asubuhi, nilipokwenda kumchukua mama, sista aliyemhudumia alinivuta pembeni. Alisema mama hakulala vizuri, alikuwa anaogopa. Jioni walipokuwa wanasali, mama alimwambia Mungu kwamba haombi kuona mbali. Anaomba aone maharage kwenye ungo, ayachambue mwenyewe, kwa sababu amechoka kula mawe yaliyoachwa na wakwe zake, wake za wanawe. Sista alicheka akinieleza. Mimi sikucheka sana. Nilirudi kwenye gari nikaangalia kamba za magunia moja moja, nikakaza zilizolegea.

Kitabi hadi Gisakura

Kitabi, kabla ya msitu, askari wa barabarani alinisimamisha. Hakuwa na neno juu ya tela. Magunia ndiyo yaliyomsumbua. Katika nchi hii mtu akibeba magunia huku akielekea mpakani, anaulizwa, na ni haki yake kuuliza. Akachoma gunia moja kwa chuma, ukatoka mchanga. La pili, mchanga. Akafungua la tatu kwa mkono, akaumwaga kiganjani, akautazama kwenye mwanga. Nikamweleza kila kitu, na nadhani kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Mwisho akaenda upande wa mama na kumuuliza kwa heshima, kwa Kinyarwanda, huu mchanga ni wa nani.

Mama hakusita. Alisema ni wake.

Askari akamtazama, akaitazama bandeji, akarudi nyuma na kulifunga lile gunia la tatu mwenyewe. Akaniambia niende polepole. Nilimshukuru, nikanunua viazi vya kuchemsha kwa mwanamke wa pembeni kwa ajili ya mama, tukaingia Nyungwe.

Mvua ya jana ilikuwa haijaisha, ilikuwa imejificha msituni ikitungojea. Ukungu ulishuka hadi kwenye lami. Nilikwenda kwa gia ndogo, mguu mbali na breki. Nyani walikuwa wamekaa kando ya barabara wamelowa, wala hawakuondoka tulipopita. Mama alisali kimya kimya. Tulikuwa tumeshapita katikati ya msitu, nikaanza kujipongeza moyoni, na nikiingia kwenye kona nikakuta magari yamesimama. Udongo ulikuwa umeporomoka mbele, foleni ikawa ndefu hadi pale kwenye kona.

Nilikanyaga breki, kidogo kidogo, jinsi nilivyofundishwa. Nyuma ikateleza. Nilisikia makalio ya gari yakienda kushoto, upande wa bonde, na bila ule mchanga nisingekuwa naandika haya. Nikaachia breki, nikarudisha usukani, nikakanyaga tena, na kichwa kikashika lami kwa ghafla na kusimama. Mama alitupwa mbele. Mkanda ulimshika kiuno, kichwa chake kikaendelea kwenda, na mkono wangu wa kulia ukatoka wenyewe. Ulimkamata begani na shingoni, ukamrudisha kwenye kiti na kumshikilia pale.

Wipa zikaendelea kwenda. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya mama mkwe wangu. Niliuondoa kama umeungua.

"Nisamehe, Maman."

Aliweka viganja mbele ya bandeji. "Haukunigusa, Papa Aline," akasema. "Hakuna kitu."

"Sikukugusa, Maman."

"Voilà."

Hapo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nilimtazama usoni. Ni uso mdogo, wenye mikunjo mizuri, na kidevu chake ni kidevu cha binti yangu Aline, kitu ambacho ningekijua zamani kama ningetazama. Na chini ya kile kifuniko, bandeji ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa yanashuka pembeni ya pua.

Nikamuuliza kama linauma. Akasema haliumi, liko moto tu. Akauliza kama ni damu. Nikasema ni maji. Akasema daktari amekataza kufungua.

"Njo tusiifungue," nikasema.

"Njo tusiifungue," akasema na yeye.

Tukakaa pale. Foleni haikusogea, mvua iliongezeka, trekta la kuondoa udongo lilikuwa bado kuja. Baridi ya Nyungwe mnaijua. Nikampa viazi vyake kwenye jani la mgomba. Akavipapasa, akavigawa mafungu mawili, akaniuliza mimi nakula wapi. Nikasema nitakula mbele. Nje hapakuwa na pa kukaa, magunia yote yalikuwa yanaoga.

"Kula hapa," akasema. "Miye sioni. Kama muntu haone, haujakula mbele yake."

Nilitafuta kosa katika maneno yale, sikuliona. Nikageukia dirisha langu, yeye akageukia la kwake, tukala. Viazi vilikuwa vimepoa na chumvi ilikuwa imesahauliwa. Nilivimaliza vyote, na nawaambia wazi nilikuwa na furaha, katikati ya hofu ile yote. Tulipomaliza aliniuliza kwa nini gari hili linaruka namna hii wakati watu wote walimwambia litakuwa jepesi. Nikamweleza habari ya springi na breki, na sababu ya mchanga.

"Kumbe iko kama kijana mwenye hajaoa," akasema.

Nilicheka, na yeye akaanza kucheka, kisha tukakumbuka hata kucheka kunatikisa. Tukanyamaza wote wawili kwa nguvu, kama watoto kanisani.

Udongo ulipoondolewa tulisogea pamoja na wengine. Kutoka pale hadi Gisakura, hadi mashamba ya chai yalipoanza na jua likatoka, sikuzidi mwendo wa mtu anayekimbia. Waliokuwa nyuma yangu walipiga honi sana. Nawaomba radhi hapa hapa, kama kuna mmoja wao anayesoma.

Kamembe

Sikwenda kwa patroni wala nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa muuguzi wa macho. Maman Aline alikuwa getini, amevaa vizuri na amekasirika vizuri, lakini alipoona bandeji iliyolowa hasira ikaisha na rangi ikamtoka. Ilinibidi nimweleze pale pale habari za breki, mama akisikia. Kuhusu mkono sikusema. Mama naye hakusema. Mke wangu alimshika mama yake wakaingia ndani.

Chumba cha muuguzi kinafungukia barazani, kwa hiyo nilisimama nimeelekea ukutani, kwa heshima, mbele ya picha ya mtu anayenawa mikono. Niliisoma picha ile mara nyingi. Nilisikia plasta ikibanduliwa taratibu. Nilisikia maji. Muuguzi akauliza, hivi ni vidole vingapi? Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Hakuna aliyejibu. Nikaufikiria ule ungo wa maharage, nikafikiria siku zote zilizobaki za mama huyu, na mguu wangu juu ya breki. Niliomba. Sikumbuki nilisema nini.

"Ngojeni kwanza," ikasikika sauti ya mama. "Niko nabiangalia."

Akavihesabu. Kisha akamwambia muuguzi kucha zake ni ndefu mno kwa mtu anayegusa macho ya watu.

Mke wangu alipiga kigelegele, muuguzi akamnyamazisha huku akicheka. Nikamsikia akieleza kwamba jicho ni zima, halijadhurika, na ile iliyolowesha bandeji ni machozi tu. Hapo nikaegemea ukuta. Sikuona aibu. Nilimshukuru Mungu, na fundi wa Ruhango, na askari wa Kitabi, bila kuwapanga.

Nikasikia hatua zinatoka chumbani. Nikazidi kujibana ukutani.

"Geuka, Papa Aline."

"Maman, haiko vizuri."

"Geuka. Kule pori nililia juu nilikuwa naogopa. Nilisema, hii jicho itakufa kabla ya kuona muntu mwenye alikuwa ananichunga."

Nilimtazama Maman Aline anisaidie. Alikuwa anatazama kwingine, anajifuta uso kwa pindo la kitenge. Nikageuka.

Mama alikuwa amesimama karibu kuliko nilivyodhani. Jicho lilikuwa jekundu, limejaa maji, na lilikuwa linaona. Mara ya mwisho kuuona uso wangu ilikuwa siku ya harusi, na siku ile nilikuwa nimeinamisha macho muda wote. Alianza juu, kwenye nywele, akashuka polepole, hakuruka kitu.

"Kumbe na weye uko na mvi," akasema.

"Ndiyo, Maman."

"Nilikuwaka najua uko kijana."

Akaendelea kunitazama. Sikuinamisha uso. Nilisimama pale barazani, nikatazamwa mpaka aliporidhika.